Hewa ya Kampala ina namba zake

Hapa Kampala mtu akishabadilisha tabo (pampu inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi wa ekzozi) na nozeli za kunyunyizia petroli, hatua inayofuata huwa ni kutafuta faili ya namba zinazoiongoza injini. Anamlipa mtu, mtu anamletea faili iliyotengenezewa gari la Dubai au Durban, inapakiwa kwenye kompyuta ya injini, gari linawaka, watu wanapeana mikono. Kwenye mlima wa kwanza injini ikianza kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda, simu ya aliyeleta faili haipokelewi tena. Nimeshika pistoni zilizokufa hivyo: tundu katikati, kingo zimeyeyuka.

Naandika kwa ajili ya mwenye gari la namna hiyo, mwenye laptopu, anayetaka kupanga namba za injini yake kwa mkono wake. Inawezekana kabisa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu na redio, sikusomea uhandisi wa magari. Kinachohitajika ni vipimo vya kweli, mpangilio wa hatua, na moyo wa kutokimbilia busti, yaani mgandamizo unaoongezwa na tabo.

Nianze na hewa, kwa sababu hapo ndipo faili ya kununua inapokwama. Nilikulia Busia, upande wetu wa Uganda, na mjomba wangu alikuwa dereva wa malori ya Mombasa hadi Kampala. Alikuwa akisema lori lilelile, na mzigo uleule, Mariakani karibu na pwani lina pumzi, likifika Timboroa huko juu milimani linaomba gia. Hakuwa na geji yoyote; mguu wake ulijua. Namba zenyewe ni hizi: usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Kampala tuko kwenye mita 1,200 hivi, na sensa yangu husoma 88 kabla sijawasha injini. Kabale inashuka hadi karibu 80.

Sasa tazama kinachotokea kwenye gari lenye tabo. Geji ya busti ya kwenye dashibodi hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) na hewa ya nje. Ikionyesha baa 0.8, Mombasa ndani ya manifoldi kuna kilopaskali 181. Kampala, kwa mshale uleule, kuna 168. Anayeendesha huliona gari zito, anakaza westigeti, vali inayodhibiti busti, ili arudishe nguvu za pwani. Kuifikia ile 181 hapa, tabo lazima ibane hewa zaidi ya mara mbili, wakati Mombasa ilitosha kuibana mara 1.8. Hewa iliyobanwa zaidi hutoka ya moto zaidi, na hewa ya moto ndiyo mama wa kugonga. Faili ya Dubai haijui lolote kati ya haya.

Gari langu ni Toyota Starlet GT ya EP82, injini ya 4E-FTE, sentimita za ujazo 1,331. Injini ndogo, lakini ngumu. Tabo ya kiwandani ilitoka, ikaingia nyingine ya aina ya TD04, na nozeli za sisi (sentimita za ujazo) 440 kwa dakika. Kompyuta ya Toyota ilikuwa nzuri kwa kazi iliyopewa, ila namba zake zimefungwa ndani, na busti ikipita kikomo chake inakata mafuta. Kwa hiyo nikaweka Speeduino, kompyuta ya injini ya kujitengenezea. Huu ni mradi ulioanzishwa na Josh Stewart wa Australia. Ubongo wake ni bodi ya Arduino Mega 2560, na michoro yote iko wazi, yeyote anaweza kuitengeneza. Niliilehemu mwenyewe kwenye meza ileile ninayolehemia chaji za simu. Laptopu inatumia programu ya TunerStudio. Nyaya, fyuzi, rilei na plagi za kuunganishia nilizipata soko la Kisekka, na ukienda huko jipe muda, kwa sababu plagi iliyolegea itakusumbua kuliko kompyuta yoyote.

Kompyuta lazima ijue pistoni iko wapi kila wakati. Kwa hilo niliweka kwenye puli ya kranki diski ya meno 36, moja likiwa limeondolewa. Kila jino ni digrii 10 za mzunguko, na pengo la jino lililokosekana ndilo linaloiambia kompyuta kwamba duru imeanza upya. Diski nilichongewa Katwe, na mzee mmoja aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi, ndiyo maana tunaelewana kwa Kiswahili.

“Binti, meno 36 nakuelewa,” aliniambia. “Lakini nikate kisha nitoe moja? Si bora nikuchongee 35?”

Nikamweleza kwamba meno yote lazima yakae kwenye nafasi za 36, halafu moja lisiwepo, ili sensa ione pengo refu. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema sawa nnyabo (bibi, kwa Kiganda), nimepata. Kisha nikamwangalia akifanya kazi. Kichwa chake cha kugawanya duara kinazungushwa mara 40 ili diski igeuke mara moja. Kwa meno 36 alizungusha mkono duru moja kamili, akaongeza nafasi mbili kwenye duara la mashimo 18, akakata. Duru moja na nafasi mbili, akakata. Hakuandika popote. Alipomaliza aliifunga diski kwenye mashine ya kukereza, akaizungusha polepole, akasogeza chaki hadi karibu kabisa na meno. Chaki iligusa upande mmoja tu. Kwa macho yangu diski ilikuwa sawa, chaki ilisema hapana. Akaifungua, akafuta chembe ya chuma iliyobaki kwenye kikalio, akarudia, na safari hii chaki ikaacha alama duara zima. Sensa yangu inakaa kama milimita moja kutoka kwenye meno, kwa hiyo ile chembe ingeniletea misi, yaani silinda kukosa kuwaka, ambayo ningeitafuta kwenye namba wakati iko kwenye chuma.

Baada ya hapo, kabla ya kugusa jedwali lolote, kuna kazi moja ambayo watu wengi wanairuka. Unaifunga taimingi, yaani digrii ambazo cheche hutangulia pistoni kufika juu, kwenye programu isimame digrii 10, unawasha injini, unaimulika puli kwa taa ya taimingi. Alama ya rangi nyeupe kwenye puli lazima isimame kwenye 10. Ikisimama kwenye 14, unarekebisha namba ya kuanzia ya diski hadi taa na skrini zikubaliane, halafu unapandisha mizunguko hadi 3,000 na kutazama kama alama inahama. Kama hukufanya hivi, kila namba ya taimingi utakayoandika baadaye ni uongo, na uongo wa digrii nne kwenye busti unatosha kuua injini.

Kisha mafuta. Hapa napenda kushika kalamu, kwa sababu hesabu ni fupi na inakupa heshima kwa kinachoendelea mle ndani. Silinda moja ya 4E ni kama theluthi ya lita. Ikijaa hewa ya kawaida kwenye kilopaskali 100, hiyo ni kama gramu 0.4 za hewa. Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa hiyo silinda inataka miligramu 27 hivi. Nozeli ya sisi 440 inatoa kama miligramu 5.4 kila milisekunde. Gawanya: milisekunde tano. Hiyo ndiyo namba ya msingi, na kompyuta inaipunguza au kuiongeza kulingana na mgandamizo wa manifoldi na asilimia ya hewa inayoingia kweli kwenye silinda. Asilimia hiyo ndiyo unayoijaza kwenye jedwali: mizunguko kwa upande mmoja, mgandamizo kwa upande wa pili, miraba 16 kwa 16.

Hesabu ileile inakuambia kama nozeli zitatosha. Kwenye mizunguko 6,000 duru mbili za kranki huchukua milisekunde 20. Kwa kilopaskali 168, silinda ikijaa asilimia 90, na mchanganyiko ukiwa mzito wa 11.5, nozeli yangu inahitaji kubaki wazi karibu milisekunde kumi. Karibu nusu ya muda uliopo. Nafasi ipo tele, kwa hiyo anayekuuzia nozeli kubwa zaidi kwa injini ndogo kama hii anakuharibia sailensa, yaani injini kuunguruma bila kukanyagwa, bure.

Na sailensa ndipo nilipojifunza kuheshimu umeme. Nozeli haifunguki papo hapo. Inahitaji karibu milisekunde moja ya umeme kabla petroli haijaanza kutoka, na volti zikishuka inahitaji zaidi. Kwenye sailensa muda wa petroli yenyewe haufiki milisekunde moja. Maana yake zaidi ya nusu ya kila mpigo ni kusubiri tu mlango ufunguke. Ukae kwenye gari usiku, injini imepata moto, uwiano umesimama kwenye 14.2. Washa taa kubwa, kisha subiri feni ya rejeta iwake. Volti zinashuka kutoka karibu 14 hadi 12 na nusu, na papo hapo uwiano unapanda kuelekea 15 na zaidi, injini inatetemeka. Hakuna kilichobadilika kwenye hewa wala kwenye jedwali. Ni nozeli inachelewa kufunguka. Dawa iko kwenye safu ya marekebisho ya volti: unaongeza sehemu ndogo ya milisekunde pale kwenye volti 12, unazima na kuwasha taa tena na tena, hadi mshale utulie. Fundi asiyejua hili ataongeza mafuta kwenye jedwali, na mchana taa zikiwa zimezimwa gari litatema moshi mweusi.

Mshale huo unatoka kwenye sensa ya oksijeni ya waidibendi, aina ya Bosch LSU 4.9. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo. Sensa ya kawaida ya Toyota inajua kusema mafuta yamezidi au yamepungua. Waidibendi inakuambia kwa kiasi gani. Inachomekwa kwenye ekzozi baada ya tabo, ikiwa imeinama ili maji yasituame kwenye ncha, kwa sababu ndani inajipasha moto hadi digrii 780 hivi na tone la maji linaipasua. Risasi kwenye petroli ingeiua pia. Kwa bahati nzuri nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kwenye Azimio la Dakar la 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia 2006 ikawa imeondoka kwenye pampu. Huwa nakumbuka watoto waliokuwa wakivuta ule moshi kando ya barabara ya Malaba, mimi nikiwa mmoja wao, na nashukuru kwa sababu kubwa kuliko sensa.

Kuna mtego mmoja wa waidibendi ambao lazima niuseme. Sensa inapima oksijeni, haipimi petroli. Silinda moja ikimisi, hewa yake haikuungua, oksijeni yote inatoka kwenye ekzozi, na mshale unasema mchanganyiko ni mwepesi. Unaongeza mafuta, plagi ya cheche inalowa, misi inazidi, mshale unasema mwepesi zaidi. Kabla ya kuamini usomaji wa ajabu kwenye busti, toa plagi uzitazame. Zangu nilizibana pengo hadi milimita 0.7, kwa sababu cheche huwa na kazi ngumu ya kuruka kwenye hewa iliyobanwa.

Kujaza jedwali kunakwenda kwa mpangilio. Sailensa kwanza. Halafu mwendo wa pole ambao mguu hautikisiki, ukiongeza mizunguko kidogo kidogo. Halafu mzigo. Kwa mzigo mimi hutumia kilima cha Muyenga alfajiri, kabla boda hazijaamka: gia ya tatu, mguu umekaa palepale, kilima chenyewe kinafanya kazi ya mashine ya kupimia nguvu ambayo sina. Binamu yangu anaendesha, mimi nina laptopu magotini. Hatubadilishani kazi hizo wala haziwi za mtu mmoja. Anayeendesha haangalii skrini, kabisa. Kila kitu kinarekodiwa, na namba zinabadilishwa nyumbani kwa utulivu, gari limezimwa. Mraba mmoja ukiwa umepishana sana na majirani zake, sitaki kuuamini hadi nijue kwa nini, maana hewa haibadiliki kwa kuruka.

Taimingi nimeiweka mwisho, na naomba wewe pia uiweke mwisho. Mafuta yakikosewa kidogo mshale unakuonyesha. Taimingi ikizidi, hakuna mshale. Kuna sauti, na wakati mwingine sauti inakuja ikiwa imechelewa. Magari haya yalipangwa Japani kwa petroli yao ya oktani ya juu, ambayo huuzwa ikiwa karibu 100. Tunayojaza hapa haifiki hapo. Kwa hiyo nilianza chini sana: digrii 8 kwenye busti karibu na mizunguko 4,000, ambapo silinda inajaa zaidi, na nikapanda digrii moja moja huku nikisikiliza.

Kusikiliza kwenyewe ni kazi ya masikio, nayo haihitaji vifaa vya bei. Kipande cha bomba la shaba, upande mmoja kimepondwa na kutobolewa, kimefungwa kwa boliti kwenye bloku. Upande wa pili mpira mrefu unapita kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria hadi ndani ya gari, na mwishoni nimefunga vifuniko vya masikio vile vya wachomeleaji. Mwanzo utasikia kelele tupu: vali, nozeli, mkanda. Baada ya muda masikio yanazizoea hizo, ndipo kugonga kunajitenga, kukavu, kwa juu. Kipenyo cha silinda ya 4E ni milimita 74, na kwa kipenyo hicho mlio wa kugonga unaangukia karibu na kilohezi 7.7. Niliutengeneza mlio huo kwenye simu na kuusikiliza nyumbani ili niutambue. Nikiusikia hata mara moja kwenye bomba, natoa digrii mbili mahali pale na majirani zake, na sirudi kupandisha hata kama gari lilikuwa tamu.

Halafu kuna foleni. Hii hutaikuta kwenye faili ya mtu yeyote wa ng'ambo. Starlet hii intakula yake, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, iko juu ya injini, chini ya boneti. Ukikaa kwenye mzunguko wa Kibuye saa nane mchana, jua kichwani, teksi zimekubana pande zote, joto la injini linapanda na kuipasha moto intakula. Joto la hewa inayoingia, ambalo barabarani ni digrii 35 au 40, nimeliona likipita 65. Foleni ikifunguka, dereva yeyote anakanyaga. Ile sekunde ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko nyingine zote mjini, na jedwali la kawaida haliioni. Kwa hiyo kuna safu nyingine inayopunguza taimingi kadiri hewa inavyopata moto: kuanzia digrii 45 za joto natoa moja, kwenye 55 tatu, kwenye 65 tano. Gari linakuwa zito kwa dakika chache, kisha intakula inapoa na nguvu zinarudi zenyewe. Nimeikaza safu hii kuliko ninavyosikia wengine wakifanya, na siilegezi.

Nguvu kamili nilizipima Busiika, kwenye kiwanja cha mashindano, na si kwenye barabara ya watu. Ile barabara mpya ya Entebbe inavutia, nyoofu na laini, ila ina familia za watu zinazowahi ndege. Busiika tulikwenda siku kavu, tukakanyaga hadi mizunguko 6,500, tukarudi, tukasoma rekodi, tukasubiri ipoe. Uwiano ulikaa kwenye 11.5 bila kuyumba, bomba la shaba likanyamaza. Binamu alishuka akapiga boneti kwa kiganja, akasema, “Dada, hili sasa ni gari.” Mwaka 2011 Susan Muwonge alipotwaa ubingwa wa taifa wa rali, mwanamke wa kwanza kuutwaa, nilikata picha yake gazetini. Bado iko ndani ya sanduku la spana, nami siku ile niliitazama kwa muda.

Kilichobaki ni kuwaka asubuhi. Injini baridi inataka petroli ya ziada, na kiasi kinapungua kadiri maji yanavyopata moto. Kazi hii haiharakishwi na yeyote, kwa sababu injini ikishawaka mara moja, jaribio la siku hiyo limekwisha hadi ipoe usiku mzima. Kampala asubuhi maji huanza kwenye digrii 20 hivi, na sehemu hiyo ya safu imeshatulia: inawaka kwa mguso mmoja, inakaa kwenye 1,300, inashuka yenyewe. Chini ya 15 sijawahi kuipima, maana hapa hatufiki huko. Mwisho wa wiki tunakwenda Kabale kwa harusi ya rafiki. Gari litalala nje, laptopu nitaingia nayo kitandani, na alfajiri nitajua kama asilimia nilizoandika kwenye safu ya digrii 10 zinatosha.